Browser ya Swaleh iligoma kusasishwa, na mtihani wake wa kazi ni Alhamisi

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa bara, wa pwani na majirani wa upande wa pili wa mpaka.

Haya ninayoandika yamenikuta mimi mwenyewe hapa Mombasa, sikuhadithiwa na mtu. Majina nimeyabadilisha, kwa sababu mwenyewe ameniruhusu nisimulie lakini hakuniruhusu nimtangaze. Mod, kama uzi umekaa jukwaa lisilo lake uhamishe tu, sitanuna.

Ni habari ya browser kwenye Linux ya zamani. Najua kuna walioanza kupiga miayo tayari. Vumilieni kidogo, kuna mtu riziki yake ilikuwa inaning'inia hapo.

Kwanza mnijue. Mimi ni Mkamba, nilikuja Mombasa kwa kazi ya clearing, na nimekaa sana mpaka nikienda kwetu wananicheka ninavyoongea. Naishi Tudor. Kazini mimi ni mtu wa makaratasi ya mizigo tu, lakini Linux, ule mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, ndiyo ugonjwa wangu. Kompyuta ikitupwa naiokota, naiwekea Linux, naigawa kwa mwenye haja. Mke wangu hana tena nafasi ya kuweka viatu chini ya kitanda.

Mojawapo ya mashine hizo ilienda kwa rafiki yangu wa Mji wa Kale. Tumwite Swaleh.

Swaleh alikuwa fundi wa kutarizi kanzu. Watu walikuwa wanamletea kitambaa kutoka mbali, wanasubiri foleni. Halafu macho yakaanza kufifia, presha ya macho, akahangaika hospitali hii na ile, na mwisho wake haoni hata mwanga. Umri wake ni arobaini na kitu tu.

Mtu mwingine angekaa barazani akahesabu siku. Yeye alitaka kompyuta.

Kwa wasiojua, kuna programu inaitwa screen reader. Inakusomea kwa sauti kila kilicho kwenye skrini. Kwenye Linux ipo ya bure, inaitwa Orca, ndiyo niliyomwekea, na sauti ya Kiswahili juu yake. Sauti yenyewe ni kama ya mtu mwenye mafua aliyejifunza Kiswahili jana. Lakini Swaleh anaielewa vizuri, tena ameiongeza kasi mpaka mimi nikisikiliza ni mlio wa nyuki. Na anachapa! Sijaona karani wa bandarini anayemfikia.

Mke wake ni Bi Rukia, ameajiriwa kwenye duka la leso Biashara Street. Tangu macho ya mumewe yaende, yeye ndiye anayesimamisha nyumba. Swaleh hilo jambo linamuuma. Haongei sana, ila siku moja tukinywa kahawa aliniambia, "Mutua, mimi nimechoka kupawa."

Basi ikatokea kazi.

Kuna watu wa utafiti walikuwa wanatafuta waandishi wa kusikiliza mahojiano yaliyorekodiwa kwa Kiswahili na kuyaandika neno kwa neno. Unafanya ukiwa nyumbani kwako. Swaleh akaomba, wakamjibu, wakamwita kwenye mtihani. Mtihani wenyewe uko ndani ya browser: unafungua ukurasa, unasikiliza, unachapa, muda ukiisha ukurasa unajifunga. Alhamisi, saa nne asubuhi. Ukichelewa basi, hakuna nafasi ya pili.

Jumatatu wakamtumia ukurasa wa majaribio ili kila mtu ahakikishe mashine yake inafanya kazi. Akaufungua. Ukamjibu kwamba browser yake imepitwa na wakati, aisasishe kwanza.

Najua mnachotaka kusema. Aende cyber. Cyber gani ina screen reader, wakuu? Nimpe laptop yangu? Laptop yangu ni ya ofisi, imefungwa kila kona, siwezi kuweka hata picha ya ukutani. Na simu ule mtihani haukubali. Hata ningeazima mashine kwa mtu, Swaleh ana vitufe vyake alivyojipangia mwenyewe, vidole vimevizoea. Kumbadilishia mashine siku ya mtihani ni sawa na kumhamisha fundi cherehani siku ya kushona nguo ya harusi.

Kwa hiyo ilikuwa ni mashine ile ile au hakuna kazi.

Akanipigia simu adhuhuri. Jioni nikitoka kazini nikaenda moja kwa moja.

Nilipiga hodi, nikakaribishwa, nikauliza swali ambalo sisi wote huanza nalo. Umegusa kitu?

"Wallahi sijagusa kitu," akasema. "Mashine iko vile vile ulivyoniwatia."

Hapa lazima niwaeleze nilikuwa nimeiacha vipi, maana ndipo mimi mwenyewe nilipochanganyikiwa.

Mashine yake ni mzee. Mfumo niliouweka pia ni toleo la zamani, jepesi, lakini bado linapokea viraka vya usalama. Shida ya matoleo ya zamani mnaijua: browser inayokuja nayo hubaki nyuma. Kwa hiyo nilikuwa nimeongeza hazina ya watengenezaji wa browser wenyewe, ghala lao la mtandaoni, kwenye orodha ya apt, programu inayopakua masasisho. Ukifanya hivyo, mfumo unabaki mzee lakini browser, kwake ni Firefox, inakuja mpya kila ikitolewa, na inajisasisha pamoja na vitu vingine bila mtu kugusa kitu.

Ilikuwa ikifanya kazi hivyo bila neno. Sasa nikaikuta Firefox imebaki nyuma matoleo mengi, kama haikuwahi kuambiwa kitu.

Nikaanza.

Diski imejaa? Haijajaa. Intaneti? Iko, na nilijaribu hata na hotspot ya simu yangu. Mfumo umekatiwa viraka? Nikakagua kwenye simu, bado haujakatiwa.

Nikaendesha apt update. Hapo ndipo vituko vilipoanza, kwa sababu mashine ya Swaleh haina monitor. Ile ya kwanza iliungua, na yeye akaona hakuna sababu ya kuweka nyingine. Ana haki. Lakini mimi sasa natakiwa kusoma makosa kwa masikio, na sauti ile inasoma Kiingereza kwa herufi za Kiswahili. Kila silabi inatamkwa. Mistari ya apt ilivyo mirefu, ilikuwa kama kusomewa hukumu kwa lugha ya sayari nyingine.

Swaleh akicheka tu. "Nyinyi watu wa bara, mwajifanya mwajua Kizungu, na mwasomewa polepole hivi hamsikii!"

Nilichokamata ni neno "invalid". Sasa mkuu yeyote aliyehangaika na apt, akisikia invalid na hazina ya nje, anafikiria ufunguo. Ule ufunguo wa saini unaothibitisha kwamba hazina ni ya kweli. Nikasema basi, ufunguo umeisha muda wake.

Nikautoa, nikapakua mwingine, nikauweka. Invalid. Nikafuta orodha zote nikaanza upya. Invalid. Bi Rukia akarudi kutoka dukani akanikuta nimevua viatu, nimekaa chini, jasho linanitiririka, naongea peke yangu.

Katikati ya hayo Swaleh akabonyeza kitufe chake cha kuulizia saa. Mashine ikasema, "Kumi na mbili, arubaini." Nikachungulia dirishani, kweli magharibi ilikuwa imeshaadhiniwa. Nikaaga.

Bi Rukia akanisindikiza mpaka mlangoni, akasema kwa sauti ya chini mumewe asisikie. "Shemeji, akiikosa kazi kwa kushindwa mtihani, hilo atalimeza. Lakini akiikosa kwa sababu hata mlango haukufunguka, mimi sijui n'tamwambia nini."

Nilikwenda nyumbani nikiwa na hasira. Sijui hasira na nani.

Sasa najua wapo wanaopiga meza huko: pakua tarball, ifungue kwenye home, endesha, maliza! Ndiyo wakuu, naijua njia hiyo. Firefox inapatikana kama faili moja lililofungwa, unalifungua popote na inafanya kazi hata kwenye mifumo ya kizee, tena inajisasisha yenyewe. Niliiweka kama akiba ya Jumatano.

Lakini mimi nina tabia moja mke wangu haipendi. Kitu kikiharibika sitaki tu kitengenezeke, nataka kujua kwa nini kiliharibika. Bomba likivuja nyumbani nitakaa naliangalia mpaka maji yafike sebuleni. Kwa hiyo nikaamua Jumanne nirudi mara moja na monitor nisome ule ujumbe kwa macho yangu.

Jumanne nikawahi kutoka, nikapita Tudor kuchukua monitor, nikapanda tuk-tuk. Kule ndani Mji wa Kale tuk-tuk haifiki, vichochoro ni vyembamba, kwa hiyo nikaibeba kifuani kama mtoto. Watu watatu waliniuliza kama nauza TV. Mmoja alikuwa ameshataja bei kabla sijajibu.

Nikachomeka. Nikaendesha apt update. Nikasoma.

Haikuwa ufunguo. Ujumbe ulisema orodha ya hazina haijaanza kutumika. "Not valid yet." "Invalid for another" saa tatu na dakika kidogo, yaani itaanza kutumika muda huo ukipita.

Niliusoma kama mara nne. Faili limetoka wakati ujao? Nikatazama saa ya kwenye kona ya skrini: 11:20. Nikajiambia mbona saa iko sawa, ni saa kumi na moja na dakika ishirini, jioni, tena mimi nimetoka kazini muda si mrefu.

Halafu simu yangu ikaita, nikaitoa mfukoni, na juu yake imeandikwa 17:20.

Wakuu, nilikaa chini.

Sisi wote tumezoea. Tunaona 17:20 mdomo unasema saa kumi na moja na ishirini, hatujui hata kama tunahesabu. Sasa hapa mashine yenyewe ilikuwa imeshahesabu. Saa ya kompyuta ilikuwa nyuma saa sita kamili, na kwa mtu wa Mombasa ilikuwa sawasawa kabisa. Jana yake iliponiambia kumi na mbili na arubaini nilichungulia dirishani nikaridhika. Mzungu angeshtuka hapo hapo. Mimi nikavaa viatu nikaenda zangu.

"Swaleh," nikamwambia, "hii saa ya kompyuta imekuwaje?"

"Ilikuwa mbovu," akasema. "N'kaitengeneza."

"Si nilikuuliza kama umegusa kitu?"

"Kutengeneza ni kugusa?"

Alikuwa anasema kweli kutoka moyoni. Kwake yeye aliikuta saa imekosea, akaisahihisha, kama mtu anavyosahihisha saa ya ukutani. Mashine ilikuwa inamwambia "kumi na tatu" wakati kila mtu Mji wa Kale anajua ni saa saba. Akafungua terminal, pale pa kuandikia amri, akaipanga isihesabu zaidi ya kumi na mbili, akairudisha nyuma saa sita. Ikajirekebisha yenyewe. Akairudisha tena. Ikajirekebisha tena.

"Kisha n'kakizima hicho kidude kinachoirudisha," akasema, na alivyojisifu mngedhani amekamata mwizi. Kidude chenyewe ni ule mfumo wa kuoanisha saa na mtandao.

Hapa nisimame kidogo kwa ajili ya wale wanaotaka undani. Orodha ya apt huwa imeandikwa ilitengenezwa lini. Mashine yako ikiwa nyuma ya tarehe hiyo, inaikataa, kwa usalama tu. Hazina ya browser hutengenezwa upya mara nyingi kwa siku, kwa hiyo mashine iliyo nyuma saa sita karibu kila ikienda inakuta orodha ya "baadaye". Hazina za mfumo zisizobadilika sana zilikuwa zinapita bila shida, ndiyo maana vitu vingine vilikuwa sawa na browser peke yake ikazeeka. Sikuwahi kufikiria hilo maishani mwangu.

Basi nikasema kazi imekwisha. Nawasha kidude, saa inarudi, tunasasisha, tunakunywa kahawa.

Swaleh akakataa.

Nilidhani anatania. Akaniambia niitengeneze browser lakini saa niiwate kama ilivyo. Nikamweleza haiwezekani, moja linaharibu jingine. Akasema basi nitafute njia. Nikapandisha sauti, nakiri. Nikamuuliza anataka kazi au anataka saa.

Bi Rukia alikuwa jikoni, akatoka na upawa mkononi. "Swaleh, mwenzio ametoka kazini na njaa yake. Saa ni saa."

"Kwako wewe ni saa," akasema, polepole. "Wewe wafungua dirisha, waona. Mimi nikiamka nabonyeza kitufe. Nikiambiwa kumi na tatu, nikae nitoe, nipunguze, kama mtoto wa shule, ndipo nijue niko wapi? Mimi jua sina, Mutua. Nna hii saa tu."

Bi Rukia akarudi jikoni, na nikasikia sufuria imegongwa kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Nami nikaona aibu kidogo. Nilikuwa nimeona kosa la kitaalamu, nikasahau kwamba kuna mtu amekaa ndani ya hilo kosa na limemfaa.

Nikaanza kufikiria upya. Na jibu, wakuu, lilikuwa rahisi mpaka nikacheka.

Kompyuta ina saa mbili. Kuna ile ya ndani, inayohesabu kwa saa ya dunia, ambayo apt na tovuti zinaiangalia. Na kuna ile ya kuonyesha watu, inayotegemea umesema uko ukanda gani wa saa. Swaleh alikuwa ameirudisha nyuma ile ya ndani. Ningeiweka ya ndani sawa, halafu nikaidanganya mashine kuhusu mahali ilipo, ile ya nje ingesema chochote anachotaka.

Sisi tuko saa tatu mbele ya Greenwich. Nahitaji sita nyuma yetu, yaani saa tatu nyuma ya Greenwich. Nikaandika:

timedatectl set-ntp true
timedatectl set-timezone Etc/GMT+3

Angalieni hapo, alama imegeuzwa. Kwenye majina haya ya Etc, jumlisha tatu maana yake ni kutoa tatu. Usiniulize nani alipanga hivyo. Ukiweka kwa akili ya kawaida utajikuta umerudi Nairobi.

Swaleh akabonyeza kitufe chake. "Kumi na mbili, tano." Akatega sikio nje, akasikia watu wanaanza kuelekea msikitini, akatikisa kichwa kukubali.

Nikaendesha apt update. Ikapita, laini kabisa. Nikaendesha upgrade, Firefox ikashuka mpya. Nikaifunga nikaifungua, Orca ikaongea, vitufe vyake vyote vikajibu. Tukafungua ukurasa wa majaribio.

Ukafunguka.

Na hapo ndipo nilipoogopa kweli kweli, baada ya kila kitu kuwa sawa. Ukurasa ulikuwa na kihesabu cha muda uliobaki kabla ya mtihani. Nikapata wazo. Nikairudisha saa ya ndani nyuma saa sita kama alivyokuwa ameiweka yeye, nikaupakia ukurasa upya. Kihesabu kikaongezeka saa sita.

Mnaelewa maana yake? Kihesabu kilikuwa kinaangalia saa ya mashine. Ningetumia ile tarball Jumatatu, browser ingekuwa mpya, ukurasa ungefunguka, mimi ningekwenda nyumbani nikijipongeza. Na Alhamisi saa nne Swaleh angekaa mbele ya mashine, akaambiwa mtihani bado saa sita. Angesubiri. Ungekuja kumfungukia alasiri, wakati wenzake wameshamaliza na mlango umefungwa.

Nikairekebisha haraka. Sikumwambia Swaleh siku ile.

Sasa cha kufurahisha, ule ukurasa unaonyesha muda kwa ukanda wa mashine yako. Kwa wengine wote wa Kenya ulikuwa unasema mtihani ni Alhamisi 10:00. Kwa Swaleh ulisema 04:00. Akausikiliza mara mbili.

"Ehee," akasema. "Hata wao kumbe wajua saa."

Alhamisi niliomba ruhusa ofisini, nikadanganya kidogo kuhusu mzigo fulani. Kanuni za mtihani zilisema mtu awe peke yake chumbani. Kwa hiyo mimi na Bi Rukia, ambaye naye alikuwa ameomba ruhusa dukani bila kumwambia mumewe, tukakaa kwenye baraza la nje kama watu wa msibani. Mama mmoja jirani alipoanza kugombana na muuza samaki, Bi Rukia alimtazama mara moja tu, na ugomvi ukahamia kichochoro cha pili.

Saa nne ikafika. Kimya. Mimi najiuliza kama nimegeuza ile alama sawasawa.

Halafu tukasikia kibodi.

Inaenda, inasimama, inaenda tena, kama mvua inayopita juu ya mabati. Bi Rukia akaweka kiganja mdomoni. Tulikaa pale mpaka ikanyamaza moja kwa moja, na Swaleh akatoka akipapasa ukuta, kanzu imelowa mgongoni.

"Wamesema wataandika," akasema. Akaomba maji.

Basi hiyo ndiyo habari, sasa niseme niliyojifunza, kwa wale wenye mashine za kizee.

Usikubali browser ibaki nyuma kwa sababu mfumo ni wa zamani. Kama toleo lako bado linapata viraka vya usalama, ongeza hazina ya watengenezaji wa browser au tumia ile tarball yao, na kila baada ya muda ingia ukaangalie namba ya toleo kwa macho yako. Mimi niliamini inajisasisha, na kumbe ilikuwa imekwama kitambo, na mtu anaingia nayo kwenye barua zake na akaunti zake. Kama mfumo wenyewe umeshakatiwa viraka, hapo browser mpya ni koti jipya juu ya shati bovu, panga kuuhama.

Update ikigoma, angalia saa kabla ya ufunguo. Na saa yenyewe iangalie pamoja na tarehe na ukanda, andika timedatectl usome mistari yote. Sisi watu wa huku akili zetu zinahesabu zenyewe, zitakudanganya kama zilivyonidanganya mimi.

Na mtu akikuambia hajagusa kitu, muulize ametengeneza nini.

Nina hakika Swaleh si wa kwanza. Kama kuna mtu humu aliyewahi kuweka kompyuta au simu kwenye saa za Kiswahili, aandike aliifanyaje na ilimletea shida gani. Na wale wanaotumia screen reader kwenye Linux, nisaidieni na sauti ya Kiswahili iliyo bora kuliko hii ya mafua. Wanaotaka kunitukana kwa kutotumia tarball siku ya kwanza, karibuni pia, nimeshakaa tayari.

Mtauliza matokeo.

Wiki zikapita sikusikia kitu. Sikutaka kumuuliza, nikiogopa kumtonesha, na yeye si mtu wa kuongea. Nikasema pengine wamempa mwingine, na kila nikipita karibu na Mji wa Kale natafuta sababu ya kutopita kwake.

Juzi asubuhi nikiwa ofisini nikajikaza, nikampigia simu. Kisingizio changu kilikuwa kumuuliza kama browser bado inajisasisha.

Akapokea, na nyuma yake nikasikia sauti ya mtu akihojiwa, ikikatika na kurudia pale pale.

"Mutua, niwie radhi," akasema haraka haraka, "siwezi kuzungumza sasa. Niko kazini."

Akanikatia simu.